Injili Ziliandikwa Lini, na Kwa Nini Tunamwita Yesu Mwana wa Mungu?



Katika mikutano ya vijana wa parokia zetu kuna maswali mawili yanayorudi kila mara. La kwanza ni hili: ikiwa Injili ziliandikwa miaka mingi baada ya Yesu kufa na kufufuka, tutajuaje kwamba waandishi hawakuongeza mambo yao wenyewe? La pili huulizwa hasa na majirani zetu Waislamu, katika mji kama Baraka ambako tunashiriki soko moja, boti moja na msiba mmoja: Mwenyezi Mungu anawezaje kuwa na mwana? Wengine huyaunganisha maswali hayo mawili. Husema kwamba wafuasi wa kwanza walimwona Yesu kuwa nabii tu, na kwamba cheo cha Mwana wa Mungu alipewa baadaye sana, kwenye Mtaguso wa Nikea, kwa amri ya Kaisari Konstantino.

Maswali haya si matusi. Anayeuliza anastahili jibu, wala hastahili hasira. Nasi wa Baraka na Fizi tunayo njia ya karibu ya kuyaelewa, kwa kuwa historia yetu wenyewe imetufundisha jinsi kumbukumbu inavyoishi katika miaka 60.

Siku moja ya mwaka 1964

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, damu ilimwagika mara mbili katika nchi yetu. Mchana, huko Baraka, aliuawa kwanza Bruda Vittorio Faccin, mmisionari Mksaveri kutoka Italia, mwenye umri wa miaka 30. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotolewa nje na kuamriwa kupanda gari, hakukubali kuiacha maiti ya mwenzake. Alipiga magoti kando yake, akauawa hapo hapo. Jioni wauaji wakapanda hadi Fizi, wakamwua Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, pamoja na Padri Albert Joubert, mwenye miaka 56.

Huyu wa mwisho alikuwa mtoto wa nchi hii. Alizaliwa mwaka 1908 katika eneo la Moba, upande wa kusini wa ziwa letu. Baba yake, Kapteni Léopold Joubert, alikuwa askari Mfaransa aliyekuja Tanganyika kuwakinga watu dhidi ya wawindaji wa watumwa. Mama yake, Agnès Atakaye, alikuwa Mwafrika wa huko huko ziwani.

Tarehe 14 Desemba 2023, Papa Fransisko aliidhinisha tamko kwamba wanne hao walikufa kwa ajili ya imani. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, aliongoza Misa ambamo walitangazwa kuwa wenyeheri.

Hebu tuhesabu. Kutoka Novemba 1964 hadi Agosti 2024 ni karibu miaka 60. Je, yuko mtu Baraka au Fizi anayesema kwamba wafiadini hao walibuniwa mwaka 2024? Hayuko. Hati iliyotangazwa Uvira ilikuwa mpya, lakini habari ilikuwa ya zamani. Ilikuwa imekaa katika vinywa vya wazee, katika sala za Wakristo, makaburini, na katika barua za wamisionari wenzao. Tamko la Kanisa halikuizaa kumbukumbu; kumbukumbu ndiyo iliyolizaa tamko.

Ukiwauliza wazee wawili, mmoja ataanzia na gari la wauaji na mwingine na kanisa lililokuwa na watu wanaoungama. Mmoja atakumbuka saa, na mwingine neno lililosemwa. Hutahitimisha kwamba wote wawili wanadanganya. Utajua kwamba kila mmoja alisimama mahali pake.

Tuipeleke hesabu hiyo Yerusalemu

Wataalamu wengi huweka kifo cha Yesu katika mwaka 30 au 33. Tuchukue mwaka 30 kwa urahisi wa hesabu, kisha tujaribu zoezi moja: tuuweke msalaba wa Yesu mahali pa mwaka 1964, tuone maandishi ya Agano Jipya yangeangukia miaka gani ya kwetu.

Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, ambao wengi huuona kuwa andiko la kwanza kabisa la Agano Jipya, uliandikwa karibu na mwaka 50 au 51. Kwetu ungekuwa mwaka 1984 au 1985. Injili ya Marko huwekwa kati ya mwaka 65 na 70 hivi, yaani kwetu kati ya 1999 na 2004. Mathayo na Luka huwekwa na wengi kati ya mwaka 80 na 90. Kwetu ni 2014 hadi 2024. Injili ya Yohane huwekwa kati ya mwaka 90 na 100. Kwetu ni 2024 hadi 2034. Na Mtaguso wa Nikea, uliokutana mwaka 325, ungekuwa kwetu mwaka 2259.

Wapo wataalamu wanaoziweka Injili mapema zaidi. Mwingereza John A. T. Robinson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1976, alidai kwamba maandishi yote ya Agano Jipya yalikamilika kabla ya mwaka 70. Wapo pia wanaozisogeza mbele kidogo. Hata hivyo, hesabu tuliyoitoa ndiyo inayofuatwa na walio wengi, wakiwemo Wakatoliki, wala haipaswi kututia hofu.

Miaka hiyo inajulikanaje?

Hakuna Injili iliyoandikwa tarehe juu yake. Wanahistoria hutafuta nguzo za kufungia kamba, kama mvuvi anavyotafuta kisiki cha kufungia mtumbwi wake.

Nguzo ya kwanza iko Ugiriki. Matendo ya Mitume, sura ya 18, husimulia kwamba Paulo alishtakiwa mjini Korintho mbele ya liwali Galio. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilitambuliwa huko Delfi vipande vya jiwe lililochongwa barua ya Kaisari Klaudio, inayomtaja liwali huyo huyo. Kwa jiwe hilo tunajua kwamba Galio alitawala karibu na mwaka 51 au 52. Basi Paulo alikuwa Korintho wakati huo, na ni katika safari hiyo alipowaandikia Wathesalonike.

Nguzo ya pili ni Yerusalemu yenyewe. Mwaka 70 majeshi ya Roma yaliuteketeza mji na kulibomoa Hekalu. Marko, katika sura ya 13, anaandika kama mtu anayesikia ngurumo ya vita hivyo ikiwa karibu. Luka, katika sura ya 21, anataja waziwazi mji uliozungukwa na majeshi. Wengi huona humo dalili kwamba Luka aliandika baada ya maafa hayo. Sisi tunaoamini kwamba Yesu aliweza kuyajua mambo ya mbele hatulazimiki kutegemea dalili hiyo peke yake, lakini tunaielewa hoja.

Nguzo ya tatu ni kipande cha mafunjo kilichonunuliwa Misri mwaka 1920, na kuchapishwa na Colin Roberts mwaka 1935. Leo kimehifadhiwa Manchester, Uingereza. Ni kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima, na kila upande kina maneno machache ya Yohane sura ya 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato. Kwa kuangalia mtindo wa mwandiko, wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2. Kwa hiyo Injili ya Yohane, ambayo wengi huihesabu kuwa ya mwisho kati ya zile nne, ilikuwa tayari imenakiliwa na kufika Misri zamani kabla ya Nikea.

Luka mwenyewe hakuficha kwamba alikuja baadaye. Katika mistari minne ya kwanza ya Injili yake anaeleza kwamba wengi walikwisha kuandika kabla yake, kwamba habari zilitoka kwa walioona kwa macho, na kwamba yeye alichunguza kwa bidii tangu mwanzo. Kanisa nalo halikuificha njia hiyo ya hatua kwa hatua. Mwaka ule ule wa wafiadini wetu, tarehe 21 Aprili 1964, Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa maelekezo juu ya ukweli wa kihistoria wa Injili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukayachukua katika hati yake ya Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965. Hatua ni tatu: Yesu alitenda na kufundisha, Mitume wakahubiri baada ya ufufuko, wakiwa wameelewa zaidi, kisha Wainjili wakachagua, wakapanga na kuandika kwa ajili ya makanisa yao. Kwa hiyo miaka 40 au 60 iliyopita kabla ya Injili kuandikwa haikuwa shimo tupu. Ilijaa mahubiri, ubatizo, Ekaristi na mateso.

Imani ilitangulia Injili

Sasa tuje kwenye kiini. Je, kweli Yesu aliitwa Mwana wa Mungu baada ya muda mrefu tu?

Wanaodai hivyo hupanga Injili kama ngazi. Marko anaanza na ubatizo wa Yesu katika Yordani. Mathayo na Luka wanarudi nyuma hadi kuzaliwa kwake. Yohane anarudi hadi kabla ya kuumbwa ulimwengu. Wanahitimisha kwamba kadiri miaka ilivyopita, ndivyo Yesu alivyokuzwa.

Ngazi hiyo ina kasoro moja kubwa: inamsahau Paulo, ambaye aliandika kabla ya Marko. Katika sura ya kwanza kwa Wathesalonike, miaka 20 hivi baada ya msalaba, tayari anamtaja Yesu kuwa Mwana wa Mungu anayengojewa kutoka mbinguni. Wala halielezi neno hilo kama jambo jipya. Anawaandikia watu wanaolijua. Katika Wafilipi sura ya 2 kuna utenzi ambao wataalamu wengi wanaona kwamba ulikuwapo kabla ya Paulo kuuandika. Unamwonyesha Kristo aliyekuwa na hali ya Mungu, akajishusha, akatwaa hali ya mtumwa, akatii hadi kufa msalabani. Yale ambayo watu hudai yalibuniwa na Yohane karibu na mwaka 100, Wakristo wa Filipi waliyasikia miaka mingi kabla yake.

Zaidi ya hayo, katika Wagalatia sura ya kwanza Paulo anasimulia kwamba miaka mitatu baada ya kuongoka alipanda Yerusalemu, akakaa na Petro siku 15, akamwona pia Yakobo, ndugu wa Bwana. Hiyo ni katikati ya miaka ya 30. Kwa hesabu yetu ya Baraka ni kana kwamba mtu alikuja karibu na mwaka 1970, akakaa wiki mbili na wale walioona kwa macho.

Na walio nje ya Kanisa walishuhudia pia. Karibu na mwaka 112, Plinius, liwali wa Kirumi katika Asia Ndogo, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo aliowahoji walikusanyika alfajiri na kumwimbia Kristo kama Mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea.

Basi Nikea ilifanya nini? Ilijibu mafundisho ya Arius, padri wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa ni wa kwanza kati ya viumbe. Angalieni vizuri: hata Arius hakukana kumwita Yesu Mwana wa Mungu. Ubishi ulikuwa juu ya maana ya neno. Maaskofu wakatamka kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Kaisari aliwaita na kuwakusanya, hilo ni kweli. Lakini imani waliyoifafanua ilikuwa imesaliwa kwa karibu miaka 300.

Mwana kwa maana gani?

Hapa inatupasa tuwasikilize majirani zetu kwa makini. Wanapokataa kwamba Mungu alizaa kama wanadamu wanavyozaa, nasi tunakataa vilevile. Hakuna Mkatoliki anayefundisha kwamba Mungu alikuwa na mke, au kwamba Mwana alianza kuwapo siku fulani. Kama hilo ndilo wanalolipinga, hatuna ugomvi nao.

Lugha yetu wenyewe inatusaidia. Tunasema mwanafunzi, mwananchi, mwanajeshi. Hakuna anayedhani kwamba jeshi lilizaa mtu. Waebrania nao walisema hivyo: Yesu aliwaita Yakobo na Yohane wana wa ngurumo. Katika Agano la Kale taifa la Israeli linaitwa mwana wa Mungu, na mfalme wa ukoo wa Daudi vilevile. Ni neno la kuteuliwa, la upendo na la utii. Katika dola ya Roma lilikuwa pia neno la madaraka: Kaisari Augusto alijiita mwana wa aliyefanywa mungu, na cheo hicho kikachapwa juu ya sarafu zake. Aliyemkiri Yesu, fundi seremala aliyesulubiwa, kuwa Mwana wa Mungu alikuwa anasema jambo la hatari.

Lakini tusiishie hapo, maana kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kulifanya neno Mwana kuwa la kimwili mno. Kosa la pili ni kulifanya jepesi mno, kana kwamba ni cheo cha heshima tu, kama tunavyomwita kijana yeyote mwanangu. Maandiko yanasema zaidi. Yesu alimwita Mungu Abba, neno la Kiaramu la mtoto nyumbani mwa baba yake, na Marko amelihifadhi katika sala ya Getsemane. Alisamehe dhambi. Alisema juu ya Sheria kwa mamlaka yake mwenyewe. Yohane anamwita Neno aliyekuwako na Mungu tangu mwanzo. Kama vile neno linavyotoka moyoni bila kuugawa moyo, ndivyo Mwana atokavyo kwa Baba bila kuugawa umungu. Wala hatuna miungu miwili.

Chini ya msalaba, na chini ya kanisa la Baraka

Katika Injili ya Marko kuna jambo la kushangaza. Mwanadamu wa kwanza kukiri waziwazi kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu ni akida Mroma aliyesimamia mauaji yake. Wala hakusema hivyo alipoona muujiza, bali alipoona jinsi alivyokufa. Kwa Marko, umwana wa Yesu unaonekana katika utii na upendo usiorudi nyuma, wala si katika nguvu za kutisha watu.

Paulo anaongeza, katika Waroma sura ya 8, kwamba Yesu ni mzaliwa wa kwanza kati ya ndugu wengi. Yeye ni Mwana kwa asili. Sisi ni wana kwa neema. Ndiyo maana hatuwezi kuligeuza jina hilo kuwa fimbo ya kuwapigia wengine. Anayekiri kwamba Yesu ni Mwana anakubali kuwa na ndugu.

Padri Carrara alikiri hivyo kwa magoti yake. Hakutoa hotuba juu ya Nikea. Alikataa kumwacha ndugu yake chini peke yake. Padri Joubert, mwana wa Mzungu na wa mama Mwafrika, alikufa Fizi pamoja na Mwitaliano aliyekuwa ndugu yake katika upadri. Katika nchi kama yetu, ambako mara nyingi mtu huulizwa kwanza ni mwana wa nani kabla ya kupewa maji au kunyimwa njia, hilo ni fundisho zito.

Tuseme pia ukweli juu ya mipaka ya historia. Tarehe za Injili hazithibitishi kwamba Yesu ni Mungu. Jiwe la Delfi haliwezi kumfanya mtu aamini. Zinachoonyesha ni kwamba imani hii haikubuniwa na Kaisari wala na maaskofu wa karne ya 4. Ilikuwapo wakati mashahidi wangali hai. Kuipokea au kuikataa ni uamuzi wa moyo wa kila mtu, nasi tunamheshimu jirani yetu anayeamua tofauti.

Jambo la mwisho ni kazi tunayowaachia. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1964 alitimiza miaka 70 mwaka 2024. Hapo ndipo Kanisa la kwanza lilipofika wakati Injili zilipoandikwa: mashahidi walikuwa wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na jamaa ya waamini ikaona haifai kuyaacha maneno yao yaende nao kaburini. Basi kabla ya tarehe 28 Novemba ijayo, kila kikundi kiwatafute wazee wa parokia yake, kiwasikilize kwa adabu bila kuwakatiza, kiandike jina la msimulizi, siku na mahali, na kikabidhi daftari hilo kwa paroko. Mkiona wazee wawili wametofautiana, msifute. Andikeni yote mawili, kama Kanisa lilivyozihifadhi Injili zote nne.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni habari gani ya parokia au ya familia yako unayoiamini ingawa hukuiona, na ulipewa na nani?

2. Jirani Mwislamu akikuuliza kwa nini unamwita Yesu Mwana wa Mungu, utamjibuje kwa sentensi tatu, bila kumdharau?

3. Ni nani katika mazingira yetu ya leo ambaye tunaona vigumu kumwita ndugu?